Marobota Mawili Tusiyoagiza

Nilikabidhi funguo za karakana siku ya Ijumaa, na Jumatatu iliyofuata saa moja asubuhi nikajikuta nimesimama mlangoni kama kawaida. Mlinzi aliniamkia, akanifungulia, kisha akanikumbusha kwa adabu kwamba nimestaafu. Nikarudi nyumbani. Mke wangu alipoona natafuta kitu cha kufungua na kufunga, akaniletea daftari na kalamu. Basi ninyi mafundi vijana mliobaki pale Mbamba Bay, mkiona maandishi haya ni marefu, mlaumuni yeye.

Vyeo na mishahara sitavieleza. Vyote vilikuwa vifupi na havina hadithi. Nitaeleza injini, na mtu aliyenifundisha injini.

Mimi ni mtu wa milimani, kwetu Mkumbi. Nilikua nikichimba ngolo, yale mashimo yetu ya kilimo cha mlimani, na kuchuma kahawa, na ziwa nililiona kwa mbali tu, kama kitu cha watu wengine. Niliposhuka Mbamba Bay kutafuta kazi nilikuwa na cheti cha ufundi wa magari na mkoba wenye spana nne. Karakana ilikuwa mali ya umoja wa wenye boti, na fundi mkuu alikuwa Fundi Wilfred, Mnyasa wa upande wa Liuli, mrefu, mkimya, mzee wa kanisa la Anglikana. Nilimwamkia shikamoo ingawa hakunizidi sana umri. Alikuwa na sura ya kuamkiwa.

"Marahaba. Unajua kuogelea?"

"Hapana, fundi. Mimi nimesomea injini."

"Injini inazimikia majini. Wewe utaitengenezea wapi, Mkumbi?"

Wiki mbili za mwanzo sikugusa spana. Kila asubuhi alinipeleka ufukweni, akasimama na suruali imekunjwa magotini, akanitazama nikimeza ziwa. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walinicheka mpaka wakazoea. Siku nilipoweza kuizunguka boti iliyotia nanga bila kuishika, alinirushia taulo na kusema, "Sasa njoo uione kabureta."

Namna yake ya kufundisha ilikuwa kunyamaza. Alichukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mti, akaweka ncha kwenye injini inayounguruma na mpini sikioni, akasikiliza kama daktari. Kisha alinipa mimi. "Unasikia nini?" Nikasema nasikia injini. Akairudisha bisibisi mahali pake, akaenda kunywa chai. Ilinichukua mwaka kusikia kile alichokuwa akikisikia: beringi inayoanza kuchoka, plagi moja inayochelewa. Mkiniuliza kifaa gani karakana isikikose, sitasema mashine ile mpya yenye taa. Nitasema bisibisi hiyo. Ipo kwenye droo ya pili, na mpini wake umeliwa na masikio ya watu wawili.

Alinifundisha pia pini ya propela, ile ndogo inayokatika propela ikigonga jiwe ili injini isife. Wengine wanaweka msumari badala yake kwa sababu msumari haukatiki. Fundi Wilfred alimkuta mwenye boti mmoja ameweka msumari, akautoa mbele ya abiria, akamwambia, "Hii pini kazi yake ni kuvunjika. Usiinyime kazi yake." Abiria walicheka, lakini mwenye boti hakuweka msumari tena.

Miaka mingi ilipita hivyo. Nilioa huku huku ziwani, nikapata watoto. Wa mwisho ni binti, Tekla. Huyu ndiye aliyeniingiza katika jambo ninalotaka kulieleza, ingawa yeye hana habari.

Ulikuwa msimu wa mwera, wakati upepo ule unapopanda kutoka kusini na ziwa linabadilika rangi. Nilikuwa nimepanda boti ya abiria kwenda kijiji kimoja kutazama injini mbovu. Tukiwa mbali na nchi, injini ya boti yetu yenyewe ikazima. Maji yalikuwa yameingia kwenye petroli. Mawimbi yakaanza kutugeuza ubavu. Nahodha akawaambia watu wavae majaketi okozi, yale ya kumfanya mtu aelee asizame. Yalikuwepo machache, yote ya watu wazima. Mama mmoja akamvalisha mwanawe wa miaka minne, akamfunga mikanda yote. Wimbi lilipoingia ndani, mtoto aliteleza akatoka kwa chini, na jaketi likabaki juu limefungwa vizuri, tupu. Mzee aliyekuwa karibu alimdaka mkono. Mimi nilikuwa nimeishika kabureta, nikamwaga petroli chafu, nikapuliza, nikafunga, nikavuta kamba. Iliwaka mara ya tatu. Tulifika wote. Lakini lile jaketi lililofungwa bila mtu ndani yake lilinifuata nyumbani, kwa sababu Tekla alikuwa na miaka minane na kila likizo alipanda boti kwenda kwa bibi yake.

Baada ya tukio lile umoja wa wenye boti ukaagiza majaketi ishirini kutoka duka moja la vifaa vya majini Dar es Salaam. Mniamini au msiniamini, tuliagiza ishirini ya watu wazima. Tulifikiria idadi, hatukufikiria vimo. Niliyeandika oda ni mimi.

Mzigo ulifika ukiwa marobota matatu badala ya moja. Yote yalikuwa na karatasi yenye jina la karakana yetu. La kwanza lilikuwa na majaketi yetu ishirini. Tulipofungua la pili, karani wetu aliinua kijaketi kidogo cha rangi ya machungwa, chenye mkanda wa kupita katikati ya miguu ili mtoto asiteleze kwa chini. Ndani vilikuwamo ishirini kama hicho. La tatu hatukulifungua. Tulichungulia pembeni penye mwanya, tukaona rangi ile ile.

Nitasema ukweli. Nilihisi kama mtu aliyeomba usiku na kujibiwa mchana.

Mwenyekiti wa umoja, Mzee Augustino, aliitwa. Aliyatazama, akaketi juu ya robota, akatabasamu. "Duka limekosea, kosa ni la duka. Samaki akiingia kwenye wavu wako humuulizi alikuwa anakwenda kwa nani."

"Samaki hana risiti," Fundi Wilfred akasema.

"Wilfred, tunayahitaji. Wewe mwenyewe umesikia ya yule mtoto."

"Nimesikia. Na aliyeagiza haya, mzee, unadhani aliyaagiza kwa urembo? Mtu anayeagiza ya watoto ana watoto."

Mimi nikaingilia. Nilimwambia kwamba duka la Dar lina mali nyingi, litamtumia mwenyewe mengine, halitaona pengo. Fundi aliniambia jambo moja tu: "Basi tuwaulize." Akalishona lile robota lililofunguliwa kwa uzi wetu wa turubai, akapiga simu dukani, akaweka sauti ya nje ili wote tusikie.

Dada aliyepokea alikuwa mchangamfu. Tulisikia akibonyeza kompyuta. "Baba, hapa naona mmepelekewa robota moja, ishirini, watu wazima. Hakuna kilichozidi."

"Mama, kilichozidi nimekikalia."

"Kwenye kompyuta hakipo, baba. Labda kimetoka kwa wengine. Asanteni kwa kununua kwetu."

Simu ikakatika. Mzee Augustino akafungua mikono. "Umesikia? Wenyewe wamesema si yao." Na kwa kweli, pale ndipo wengi wetu tungeishia. Makaratasi yalikuwa safi. Tulikuwa tumeuliza, tumejibiwa. Fundi Wilfred aliomba siku tatu. Mwenyekiti akampa, kwa sauti ya mtu anayejua siku tatu zitapita zenyewe.

Jioni ile, kila mtu alipokwenda kwake, nilibaki kufunga karakana. Nilifumua robota la tatu pembeni, nikatoa jaketi moja, nikashona tena. Nilijiambia kwamba hata yakirudishwa, moja halitahesabiwa. Nililibeba nyumbani ndani ya gunia la mkaa na kulisukuma chini ya kitanda. Mke wangu aliniona. Hakuuliza, na mimi sikupenda namna alivyoacha kuuliza.

Siku ya pili Fundi Wilfred aligundua siri ya ile karatasi yenye jina letu. Aliipapasa kwa kidole gumba kama anavyopapasa gasketi ya injini, akasema, "Hii ni nene mno. Leteni birika." Tukachemsha maji, tukaishikilia karatasi kwenye mvuke, ikaanza kujikunja. Chini yake ilikuwapo nyingine. Mfungaji mizigo wa dukani alikuwa amebandika jina letu juu ya jina la mtu. Palisomeka: Mwalimu Pendo, shule ya msingi, jina la kijiji nisilolijua katika mkoa wa mbali, na namba ya simu.

Akapiga.

"Mwalimu Pendo? Mimi ni fundi wa boti, nipo Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Uliagiza majaketi ya watoto?"

Mtandao ulikwaruza hata nikadhani umekatika. Kisha sauti ya mwanamke ikasema, "Baba, rudia tena."

Akarudia. Yule mwalimu akaanza kulia, halafu akaomba radhi kwa kulia, halafu akaeleza. Shule yao iko ng'ambo ya mto. Watoto wanaotoka upande wa pili wanavuka kwa mtumbwi, asubuhi na mchana. Wazazi walichanga kwa mwaka mzima, wakampa yeye aagize. Duka lilimwambia mzigo wake ulishatoka, aulize kwao. "Hapa kijijini wanasema nimekula michango. Jumatano wanakaa kikao cha kunijadili. Mume wangu mwenyewe ameniuliza mara mbili."

"Ulikuwa ni mzigo wa majaketi mangapi, mwalimu?"

"Arobaini, baba."

"Yapo arobaini," Fundi Wilfred akasema. "Kesho tunayapeleka barabarani yapate basi. Waambie wasubiri."

Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Arobaini, amesema, na jina lake ameliweka juu ya neno hilo. Ningeweza kusema pale pale. Nikajifanya natafuta kamba.

Mlio wadogo mnaijua barabara ya Mbinga ikiwa na lami. Sisi tuliijua ikiwa udongo mwekundu, na ilikuwa imenyesha mvua isiyo ya msimu wake. Magari yalikuwa hayashuki. Yale ya kutoka Mbinga yaliishia juu ya mlima, yakageuzia huko. Mzee Augustino alisema tusubiri njia ikauke wiki moja. Fundi akamwambia kikao cha mwalimu hakitasubiri udongo ukauke. Asubuhi tukajitwisha robota moja moja, mimi na yeye, tukaanza kupanda kwa miguu. Majaketi si mazito, ila yanajaza kichwa kama godoro, na upepo unayapenda. Watu waliokuwa wakishuka na ndizi walitupisha njia huku wakituuliza kama tunahama.

Katikati ya mlima pana kijito. Tukatua, tukanywa maji. Fundi akakaa juu ya robota lake, akalitazama langu kwa muda.

"Kastory."

"Naam, fundi."

"Hili langu nililishona mimi. Hilo lako hatukulifungua. Mbona lina uzi wetu wa turubai?"

Nikatazama maji. Nilikuwa mtu mzima, baba wa watoto wanne, fundi ambaye vijana waliniamkia.

"Umeliona lini?" nikamuuliza.

"Asubuhi, tulipokuwa tunafunga kamba."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani utasema wewe. Nimekungoja nusu ya mlima."

Nikamweleza yote: jaketi tupu kwenye boti, Tekla, bibi yake, chini ya kitanda. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilitegemea aniambie habari za wizi, yeye mzee wa kanisa. Hakusema neno hilo. Alisema, "Tekla ni mtoto wangu pia. Lakini nimemwambia yule mwalimu arobaini." Kisha akavuta robota langu akaliweka kando ya lake. "Nenda. Mimi nitakusubiri hapa."

"Fundi, ni mwendo wa saa mbili kurudi tu. Na mvua ile inakuja."

"Naiona."

Nilishuka mlima nikikimbia na kuteleza. Nyumbani nilimkuta mke wangu akipepeta mahindi uani. Kabla sijafungua mdomo aliingia ndani, akatoka na lile jaketi limefungwa kwenye kanga safi. "Baba Tekla," akasema, "nilikuwa nimeshaamua kumpelekea fundi mwenyewe leo. Afadhali umekuja." Nikalipokea. Mvua ilinipata mwanzo wa mlima na haikuniacha.

Njia nzima nilijiambia atakuwa amejikinga mahali, kwenye kibanda cha mtu, atakuwa ameomba msaada na kutangulia. Nilipofika kijitoni alikuwa palepale. Ameyafunika marobota mawili kwa koti lake la mvua na majani ya mgomba, na yeye amekaa juu ya jiwe, amelowa mpaka shati limemganda mwilini. Alinitazama, akasogea kidogo kunipisha nifumue ule mshono. Nilirudisha jaketi, nikashona tena kwa vidole vya baridi, akanishikia ncha ya uzi.

"Arobaini," nikasema.

"Arobaini," akaitikia. Tukajitwisha.

Juu ya mlima tukapata gari la mwisho. Mbinga tulilala kwa shemeji yangu, na asubuhi karani wa vifurushi kwenye basi akaandika anwani huku Fundi Wilfred akimsomea herufi moja moja, halafu akamwomba amsomee tena. Zile karatasi za duka alizichana zote.

Mzigo ulifika Jumanne, siku moja kabla ya kikao. Mwalimu alituambia kwamba aliufungua tu mbele ya wazazi na kuhesabu kwa sauti. Duka lilipopata habari lilituandikia ujumbe wa simu wa mstari mmoja wa shukrani, likakosea jina la karakana. Mzee Augustino hakufurahi kwa mwezi mzima, na sikumlaumu. Kwenye boti zetu watoto walikuwa bado wanavalishwa ya watu wazima. Tulipokuja kuagiza ya kwetu, niliandika oda kwa vimo, na yalifika kamili bila hata moja la ziada. Sijawahi kufurahia mzigo kama ule.

Msimu wa mvua uliofuata, mchana mmoja, simu ya Fundi Wilfred iliita akiwa mikono imejaa grisi. Akaniomba niipokee, niweke sauti ya nje. Alikuwa Mwalimu Pendo. Alisema mtumbwi umegonga gogo katikati ya mto, ukapinduka, ukiwa na watoto kumi na mmoja. Maji yaliwachukua mpaka kwenye kona, wakaelea kama vibuyu, wanaume wakawaokota mmoja mmoja. "Nimewahesabu mara tatu, baba," akasema. "Wote wapo. Nimewahesabu mara tatu." Nyuma yake tulisikia mtoto analalamika kwamba amepoteza kiatu.

Fundi Wilfred alifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakunitazama. Alisema, "Mungu ni mwema, mwalimu. Mnunulieni kiatu," akarudi kwenye injini.

Mimi nilitoka nje nikakaa juu ya boti iliyopinduliwa. Kumi na mmoja kati ya arobaini. Sikuuliza kama lile jaketi lililolala chini ya kitanda changu lilikuwa mtoni siku hiyo, wala nani alilivaa. Nilitaka kuuliza, nikaogopa jibu la aina yoyote.

Fundi Wilfred amefariki. Miaka yote tuliyokaa pamoja baada ya hapo hakulitaja jambo lile, si kwa Mzee Augustino, si kwa mkewe, si kwangu hata siku tulizogombana. Watu wa Mbamba Bay wanajua kwamba mafundi wawili walibeba majaketi mlimani kwenye matope, na mpaka leo wanatusifu wote wawili. Sifa ile iligawanywa sehemu mbili, na sehemu niliyopokea mimi haikuwa yangu. Nairudisha leo kwa mwenyewe.